Usiku kipa alipoachwa langoni: kisa cha Patrick Roy na Montreal

Ukiitazama video yenyewe bila sauti, utadhani ni mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Kipa anatoka langoni, anaingia kwenye benchi la timu yake, anapita mbele ya kocha aliyekunja mikono kifuani na kukaza macho mbele kama askari wa getini. Hawasemeshani. Kipa anasogea hatua kadhaa, kisha anageuka ghafla, anarudi na kuinama kwa bwana mmoja wa suti aliyeketi kiti cha mbele kabisa nyuma ya benchi. Anamwambia maneno machache, anampita tena kocha, anakaa.

Bwana wa suti alikuwa Ronald Corey, rais wa Montreal Canadiens, klabu ya hoki ya barafuni. Kocha alikuwa Mario Tremblay na kipa ni Patrick Roy. Alichomwambia rais, kwa Kifaransa, ni kwamba hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho Montreal. Ilikuwa Jumamosi, Desemba 2, 1995, ubao ukisoma 9-1 kwa faida ya wageni, Detroit Red Wings, na Canada nzima ikitazama kwenye runinga. Siku nne baadaye hakuwa mchezaji wa Montreal tena.

Watu wengi wakikisimulia kisa hiki husema Roy alikuwa na kiburi, akakasirika, akaondoka. Kiburi kilikuwepo, tena cha kugawia watu. Lakini kwa jinsi ninavyokisoma mimi, ufunguo wa kisa ni swali moja la kiufundi: kwa nini kipa aliyefungwa magoli matano katika kipindi cha kwanza alirudishwa langoni kuanza kipindi cha pili? Ukilijibu hilo, mengine yote yanafunguka.

Kwa sisi tuliolelewa na soka, inabidi kwanza tuelewane kuhusu kazi hii. Katika hoki ya barafuni kila timu huwa na watu sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Wale watano hawachezi mfululizo. Wanaingia, wanakimbia kama wendawazimu kwa muda usiofika dakika moja, wanarudi benchi kuhema, wenzao wanaingia. Kipa habadilishwi hivyo. Yeye hukaa pale kwa dakika zote 60, vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini. Anachopigiwa ni kisahani cha raba ngumu kilichogandishwa, chenye uzito wa gramu 170 hivi, na wapigaji wakali hukituma kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Lango lenyewe ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22, na kipa akishavaa pedi zake analijaza karibu lote. Hapo ndipo lawama zinapoanzia. Kipa wa soka akifungwa, mtazamaji anaona lango lilivyo pana na kumhurumia. Wa hoki akifungwa, mtazamaji anauliza kisahani kimepenya wapi.

Jambo la pili, na hili ndilo hasa la kushika: kumbadilisha kipa wa hoki ni rahisi mno. Hakuna ubao wa namba wala idadi ya mabadiliko ya kuhesabu, na aliyetoka anaweza kurudi baadaye. Kocha anatoa ishara tu, wa akiba anavaa kinyago chake, kazi inaendelea. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, kila kocha anayemtoa kipa au kumwacha huwa anasema kitu, na kila mtu benchini anakielewa. Anaweza kumtoa ili kumwokoa, maana yake leo si siku yako, pumzika, kesho ipo. Anaweza kumtoa ili kuwazindua wale wengine, maana yake ninyi ndio mliomwangusha mwenzenu. Anaweza pia kumtoa kwa sababu kweli anacheza ovyo. Zote hizo ni lugha za kawaida na hakuna kipa mkubwa ambaye hajawahi kusemeshwa kwazo. Ipo na ya nne, ambayo makocha hawapendi kukiri: kumwacha pale pale, aendelee kuhesabiwa.

Sasa huyu aliyeachwa alikuwa nani?

Roy alizaliwa Oktoba 5, 1965 katika jiji la Quebec, mji ambao wakati huo wa ujana wake ulikuwa na timu yake, Nordiques, mahasimu wakubwa wa Montreal. Canadiens walimchagua mwaka 1984, klabu zilipokuwa zikigawana chipukizi kwa zamu, akiwa wa 51 katika orodha, namba ambayo haimtoi mtu machozi ya furaha. Miaka miwili baadaye, akiwa msimu wake wa kwanza kamili na umri wa miaka 20, aliipa Montreal Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi, na kutunukiwa Tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata. Pamoja na mwalimu wake François Allaire alieneza ule mtindo wa kipepeo: kipa anaanguka magotini, miguu ikitanuka pembeni kuziba sehemu yote ya chini ya lango. Leo karibu kila kipa hucheza hivyo. Halafu alikuwa na mambo yake. Aliongea na milingoti ya goli. Hakukanyaga mistari iliyochorwa kwenye barafu, aliiruka. Ukimuuliza kuhusu milingoti, ilikuwa marafiki zake, na kwa kuwa imemwokolea michomo kadhaa, nani ambishie?

Mwaka 1993 alirudia. Montreal ilicheza mechi kumi za mtoano zilizoamuliwa katika muda wa nyongeza kwa ushindi, kumi mfululizo, baada ya kupoteza ya kwanza. Kila mara kipa ndiye aliyekuwa akishikilia uzi hadi mmoja wa wenzake apate goli. Katika mechi ya nne ya fainali, ugenini kwa Los Angeles Kings, Tomas Sandström alikuwa amemsumbua usiku kucha pale langoni. Roy akadaka mchomo wake, akainua macho, akamkonyeza. Kamera iliinasa. Watu wa Montreal waliupenda ukonyezo ule kuliko hata kombe lenyewe, naona, kwa sababu ulisema wazi walichokuwa wakikihisi: tumeshashinda, ninyi bado hamjui.

Mwaka uliofuata, katikati ya mfululizo wa mtoano dhidi ya Boston, alilazwa hospitalini kwa kidole tumbo. Alikosa mechi moja. Akatoka hospitalini, akavaa pedi na kushinda inayofuata. Nalitaja hilo kwa sababu ya wenzake. Timu ikishaona mtu anadaka akiwa katika hali hiyo, inajenga deni fulani kwake, na deni hilo huwa halizeeki upesi.

Ila wenzake wale nao walianza kupukutika. Hapa wasimuliaji wengi hupita haraka, na mimi naona ndipo ugonjwa ulipoanza. Guy Carbonneau, nahodha wa 1993, aliondoka 1994. Februari 1995 John LeClair na Éric Desjardins walipelekwa Philadelphia. Desjardins ndiye aliyefunga magoli matatu katika mechi moja ya fainali ya 1993, na LeClair alimaliza mechi mbili za fainali hizo kwa magoli ya muda wa nyongeza. Huko alikokwenda, LeClair alifunga magoli 50 au zaidi kwa misimu mitatu mfululizo. Kirk Muller, nahodha aliyefuata, naye akaondolewa miezi miwili baadaye. Msimu ule Montreal ilikosa mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1970. Kipa alikuwa yule yule. Ukuta uliokuwa mbele yake ulikuwa umebomolewa tofali kwa tofali.

Oktoba 1995 msimu mpya ukaanza kwa vipigo vinne mfululizo na Corey akakasirika. Tarehe 17 aliwafukuza kwa pamoja meneja mkuu Serge Savard na kocha Jacques Demers. Siku chache baadaye akawatangaza warithi: Réjean Houle kuwa meneja, Mario Tremblay kuwa kocha. Wote wawili walikuwa vijana wa zamani wa klabu, wanapendwa, wana pete za ubingwa. Houle alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bia iliyokuwa mmiliki wa klabu. Tremblay alikuwa mtangazaji. Hakuna kati yao aliyewahi kuwa meneja wala kocha wa timu ya ngazi hiyo.

Zaidi ya hapo, Tremblay na Roy walijuana. Walivaa jezi moja msimu wa 1985-86, mmoja akiwa mkongwe anayemaliza, mwingine chipukizi anayeanza. Sasa chipukizi alikuwa ndiye mtu mkubwa kuliko wote mjini, na mkongwe alikuwa amerudi akiwa bosi wake. Waliowahi kurudi ofisini wakakuta aliyekuwa akiwatuma chai ndiye mwenye funguo, au kinyume chake, wanaijua hewa ya chumba kama hicho. Tremblay aliingia na mkono wa chuma, akitaka ieleweke kwamba hapa hakuna mfalme. Mwanzoni timu ilishinda, na mtu akishinda mkono wake wa chuma huitwa nidhamu. Lakini kati yake na kipa palikuwa na baridi kuliko barafu yenyewe, na wote waliokuwa karibu na timu walikuwa wakiliona.

Tukirudi Desemba 2. Detroit ile haikuwa timu ya mchezo. Msimu huo walishinda mechi 62, rekodi ya ligi wakati huo. Kocha wao alikuwa Scotty Bowman, aliyeipa Montreal makombe matano miaka ya sabini, na mmoja wa wachezaji wake wa enzi hizo alikuwa, ndiyo, Mario Tremblay. Bowman alikuwa amekusanya Warusi watano, Fetisov, Konstantinov, Larionov, Fedorov na Kozlov, na tangu mwisho wa Oktoba alikuwa akiwapanga kwa pamoja. Walicheza hoki ambayo Amerika Kaskazini ilikuwa haijaizoea. Wengine hukisukuma kisahani mbele na kukikimbilia. Hawa walikuwa radhi kukirudisha nyuma, kuzunguka, kungoja, hadi beki mmoja ajisahau. Mbele ya lango lililokwisha kupoteza mabeki wake wazuri, hiyo ni hesabu mbaya. Vyacheslav Kozlov peke yake alifunga manne usiku ule.

Kipindi cha kwanza kiliisha 5-1.

Hapo ndipo kila kocha ninayemfahamu, awe wa hoki au wa mpira wa mikono, angekuwa na mazungumzo mafupi chumbani: "Patrick, inatosha kwa leo." Pat Jablonski, kipa wa akiba, alikuwepo, mzima, hana kazi. Hayakutokea. Roy alirudi langoni, kisha la sita, la saba. Katikati ya mvua hiyo akadaka mchomo mmoja mwepesi, wa aina ambayo hata mtoto angedaka, na Forum, uwanja wa Montreal, ikamshangilia kwa kejeli. Mashabiki wale wale waliomwimba 1993. Roy akainua mikono yote miwili juu, kama bingwa aliyeshinda, akiwarudishia kejeli yao. Ni picha inayouma. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuinua mikono lilikuwa kosa, na nakubaliana naye: umati unaweza kukudhihaki na kesho ukasahau, lakini wewe ukiudhihaki, huo unakumbuka miaka.

Ila angalia mikono ile kwa jicho la kipa. Kila mchezaji mwingine wa Montreal alikuwa na mahali pa kujificha. Beki aliyepitwa anarudi benchi, anajifunika taulo, anakunywa maji. Kipa hana pa kwenda. Hawezi kujitoa mwenyewe, maana kuacha lango bila ruhusa ni kuikimbia timu, na hilo hata Roy hakulifanya. Mlango wa kutokea upo, uko mita chache tu, na ufunguo anao mtu mmoja. Mikono ile juu, nadhani, haikuwa ya mashabiki peke yao. Ilikuwa pia ya yule mtu.

Alitolewa kipindi cha pili kikiwa dakika ya 11 na sekunde 57. Yaani alikaa langoni karibu dakika 32, akapigiwa michomo 26, akafungwa 9. Kwa kawaida ya ligi wakati ule kipa aliokoa takriban michomo tisini kwa kila mia. Usiku ule yeye aliokoa 17 katika 26. Kucheza vibaya alicheza vibaya, hilo halina mjadala. Jablonski naye akaingia akala mawili, mechi ikaisha 11-1, kipigo kibaya kuliko vyote ambavyo Canadiens waliwahi kupata nyumbani kwao.

Mbona Corey alikuwa karibu hivyo? Kwa sababu ya mazoea ya Forum: kiti cha rais kilikuwa nyuma tu ya benchi la wenyeji. Viongozi wa klabu nyingi hukaa juu, nyuma ya vioo. Kwa miaka mingi kiti kile kilikuwa alama ya fahari, rais akiwa miongoni mwa vijana wake. Usiku ule kilimfanya awe ndani ya ugomvi kwa umbali wa pua na mdomo. Kama angekuwa juu kwenye vioo, Roy angekaa benchi akifura, angeoga, angelala, na asubuhi angekwenda kugonga mlango wa ofisi. Sina hakika kama yangeisha vizuri, lakini yasingekuwa mbele ya kamera, na hakuna ambaye angelazimika kulinda uso wake.

Kwa maneno yale Roy aliruka ngazi mbili. Alimruka kocha, akamruka meneja, akaongea na mwenye nyumba. Katika kazi yoyote hilo ni kosa ambalo mkubwa hawezi kulifumbia macho bila kumfanya kocha wake kichekesho. Houle alimsimamisha siku iliyofuata. Wapo wanaosema Houle angemwita Roy na Tremblay chumba kimoja, awafungie mpaka wapatane. Labda. Lakini Tremblay alikuwa na wiki sita tu kazini, na kumlazimisha akubali yaishe ilikuwa sawa na kumfukuza. Corey alikuwa amekwisha kufukuza watu Oktoba. Hakuwa tayari kukiri kwamba na hawa aliowaweka alikosea. Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa na mamlaka ya kuutuliza ugomvi alikuwa pia mtu mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutoutuliza.

Niwe wa haki kwa Tremblay. Hoja ya upande wake ipo. Makipa wakubwa huchukia kutolewa, na Roy alikuwa mmoja wao. Kocha mgeni anaweza kweli kujiambia kwamba kumtoa nyota baada ya kipindi kimoja ndiyo dharau, kwamba amwachie nafasi ya kujirekebisha. Hoja hiyo inashika hadi goli la sita. Ikifika la nane haishiki tena. Na kama ingekuwa heshima, angemkuta mlangoni pa benchi, angemgusa bega, angesema hata neno moja. Alikunja mikono.

Biashara yenyewe ilifanyika haraka mno. Desemba 6 Roy alipelekwa Colorado Avalanche pamoja na nahodha Mike Keane, ambaye tayari unahodha wake ulikuwa umeleta kelele mjini kwa kuwa hakuongea Kifaransa. Montreal ikapata kipa kijana wa miaka 20, Jocelyn Thibault, na washambuliaji wawili, Martin Rucinsky na Andrei Kovalenko. Mtu akishatangaza mbele ya kamera kwamba habaki nawe, huna bei ya kupanga. Ni kama kuuza ng'ombe siku ya mnada watu wakijua kwamba jioni huna pa kumfunga.

Na hapa kuna jambo ambalo kila ninapolifikiria hunifanya nitikise kichwa. Hiyo Colorado ndiyo Nordiques. Timu ya Quebec, mahasimu wa jadi, ilikuwa imeuzwa na kuhamishiwa Denver majira ya joto ya mwaka ule ule. Meneja wake, Pierre Lacroix, alikuwa wakala wa Roy kabla hajaingia kwenye uongozi wa klabu. Lau wangebaki Quebec miezi sita zaidi, hakuna meneja wa Montreal angethubutu kumpelekea mtani wake wa karibu kipa wake bora, angechomewa nyumba. Denver ilikuwa mbali, jina lilikuwa jipya, na uhasama ulikuwa umefutwa kwenye karatasi. Kwa hiyo mlango uliokuwa umefungwa miaka kumi na sita ulikuwa wazi wiki ile.

Denver alikuta kitu ambacho Montreal haikuwa nacho tena, watu wa kucheza mbele yake: Joe Sakic, Peter Forsberg na wengine, timu nzuri iliyokosa kipa wa kuamini. Februari 1996 Montreal ikaja Denver, Colorado ikashinda 4-2. Kipenga cha mwisho kilipolia Roy alikichukua kile kisahani akakirushia Tremblay. Utoto? Ndiyo. Lakini unaonyesha kwamba miezi miwili na makofi ya mji mpya havikuwa vimeyeyusha kitu.

Majira yale ya mtoano alikuwa Roy kamili. Chicago ilipokuwa ikichuana nao, Jeremy Roenick alilalamika hadharani kuhusu penalti aliyoamini alinyimwa na kusema Roy hangemzuia. Roy akajibu kwamba hasikii anachosema Jeremy, kwa sababu masikio yake yamezibwa na pete zake mbili za Kombe la Stanley. Nusu fainali wakakutana na Detroit, ile ile ya 62, wakaitoa kwa mechi sita. Fainali ikawa dhidi ya Florida Panthers, ambao mashabiki wao walikuwa na desturi ya kurusha panya wa plastiki barafuni kila timu yao ikifunga, tangu mchezaji wao Scott Mellanby alipomuua panya wa kweli chumbani kwao mwanzoni mwa msimu. Makipa wageni walikuwa wakijificha ndani ya nyavu hadi mvua ya panya ikatike. Mechi ya tatu Florida ilifunga mawili kipindi cha kwanza. Roy hakujificha. Alisimama, wakamwangukia, kisha akawaambia wenzake kwamba hakutakuwa na panya tena.

Hawakuwepo tena. Hakufungwa goli jingine katika mechi ile, wala katika ya nne, iliyokwenda hadi muda wa nyongeza wa tatu bila goli, yeye akiokoa michomo 63, hadi Uwe Krupp alipofunga la pekee. Kombe lilichukuliwa Juni 1996, miezi sita na siku chache baada ya kiti cha Corey. Unaposikia kipa akiahidi kitu kama kile, na wale watano wa mbele wakakimbia kana kwamba ahadi ni yao, ndipo unaelewa kilichokosekana Forum. Kipa hadaki peke yake, ingawa hufungwa peke yake.

Montreal walitolewa raundi ya kwanza mwaka huo. Tremblay akajiuzulu 1997. Corey akaondoka 1999, Houle akaondolewa 2000, na kati ya 1999 na 2001 klabu ilikosa mtoano misimu mitatu mfululizo. Kombe la 1993 bado ndilo la mwisho kwao. Sidai kwamba yote hayo yalitokana na dakika 32. Thibault hakuwa kipa mbaya na pesa za hoki zilibadilika miaka ile. Nasema tu kwamba watu watatu walioamua hatima ya kipa wiki ile, hakuna aliyeokoka na uamuzi wake. Roy aliendelea Denver hadi 2003, akachukua kombe jingine 2001 na Conn Smythe ya tatu, akastaafu na ushindi 551. Novemba 22, 2008 Montreal iliipandisha jezi yake namba 33 darini, heshima ya kuistaafisha namba hiyo, na watu wakasimama kumpigia makofi kwa muda mrefu.

Baadaye akawa kocha, Denver pale pale, kuanzia 2013. Makocha wa hoki timu inapokuwa nyuma kwa goli moja mwishoni humwita kipa benchi ili aingie mshambuliaji wa sita, lango likibaki tupu. Kawaida ya wakati huo ilikuwa zikibaki dakika moja na kitu. Aprili 2014, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Minnesota, Colorado ikiwa nyuma 4-3, Roy alimwita kipa wake Semyon Varlamov zikiwa zimebaki dakika tatu hivi. Watangazaji walishangaa. Paul Stastny akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 13, kisha akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Msimu ule Roy alichaguliwa kocha bora wa ligi, na makocha wengine wakaanza nao kuwaita makipa wao mapema.